Kulingana na Kifungu

Wiki iliyopita tulimzika mama, na mimi nikapewa karatasi nisome. Naanzia hapo kwa sababu mtu akiniona siku hizi nimenuna anadhani ni msiba tu. Si msiba tu. Karatasi yenyewe ilikuwa wasifu wa marehemu, umechapishwa vizuri kwenye programu ya mazishi, na picha ya mama juu yake akiwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Aliyeuandika ni dada yake, Auntie Rahab, ambaye macho yamemchoka lakini mdomo bado una nguvu za kuamuru ukoo mzima. Pale katikati palikuwa na mstari huu: "Marehemu alikuwa mkulima hodari." Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni kwake, pale mtaani Free Area, nikarudi nyuma nikausoma tena, kisha nikamwuliza, "Auntie, mkulima wa wapi?" Akaendelea kuchagua mchele kwenye sinia kana kwamba sikusema kitu. "Programu zishatoka kwa printa," akasema baadaye. "Wewe soma tu kile kimeandikwa. Kwani kusoma si ndiyo kazi yako?"

Ni kweli, kusoma ndiyo kazi yangu. Kwa miaka mingi nimekaa katika ofisi ya bima hapa Nakuru, ghorofani, nikisoma madai ya watu waliopatwa na balaa barabarani. Anakuja mjane wa dereva, amefunga leso kiunoni, ameikumbatia bahasha, ananieleza jinsi mumewe alivyokuwa mtu mwangalifu, mtu asiyeonja pombe, na mimi namsikiliza huku jicho limeshatangulia kwenye makaratasi kutafuta mstari. Nikiupata namwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Mama, kulingana na mkataba..." Huwa hawabishi sana. Wakubwa wangu husema hakuna anayenishinda kazi hiyo, na hawasemi uongo. Lakini ufundi huo sikuupata chuoni. Niliupata darasa la nane, mwaka niliotolewa Salgaa nikaletwa mjini kukaa kwa Auntie Rahab, nikafundishwa kujibu maswali ya ufahamu na mtu anayeitwa Mwalimu Kiragu. Wenzangu wa darasa lile humtaja kwa mapenzi, na akiugua humchangia. Mimi nikisikia jina lake huhisi uchungu mdomoni kama mtu aliyetafuna mwarobaini, na sioni haja ya kulificha hilo tena.

Msidhani niliingia darasa lake nikiwa mbumbumbu. Nilikuwa najua kusoma, tena nilijifunza mahali pazuri kuliko shule. Hoteli ya mama pale Salgaa ilikuwa chumba kimoja cha mbao na mabati, kando ya barabara kuu, na malori yalikuwa yakijipanga nje hadi jua likawa haliingii mlangoni. Ndani mlikuwa na meza ndefu na mabenchi, jiko la kuni nyuma ya pazia la gunia, karai la mandazi, sufuria ya maharagwe tuliyoyaita madondo, sufuria ya matumbo, na birika la chai ya tangawizi lililokuwa halipoi. Mandazi tuliyafungia kwa magazeti ya zamani, na madereva wakishakaa kula, mmoja angenyoosha ukurasa wenye mafuta na kuniambia, "Msichana, hebu tusomee dunia inasema nini." Nilikuwa nasoma kwa sauti, lakini hawakuniacha nifike mwisho hata siku moja. "Simama hapo!" dereva mmoja wa Mombasa angeruka. "Huyo mheshimiwa anasema barabara imetengenezwa. Imetengenezwa wapi? Mimi si nimepita huko leo na springi zangu zimelia kama mtoto?" Wangecheka mpaka chai iwapalie, mwingine angemtetea mheshimiwa, mwingine angesema aliyeandika hajawahi kutoka Nairobi. Na mama, mikono imejaa unga, angetoa sauti nyuma ya gunia: "Endelea, Nyambura, tuone kama atajitetea." Kwangu mimi kusoma kulikuwa ndiko huko, kumuuliza mwandishi: wewe unayesema hivi, ulikuwa umesimama wapi ukaona?

Nyumba ya Auntie Rahab ilikuwa kitu kingine kabisa. Vyumba viwili na jiko lililotengwa kwa ubao mwembamba, makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma ambavyo sikuruhusiwa kuvikalia na yunifomu, kalenda ya kanisa ukutani, na githeri ya mahindi na maharagwe isiyoonja mafuta. Jumapili alasiri akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwa chai, na mimi nilikuwa naosha vikombe upande wa pili wa ule ubao, ambao haukuzuia neno hata moja. Mara ya kwanza nikamsikia mgeni mmoja akiuliza, "Na huyu msichana wako ni wa nani?" Auntie akajibu bila kumeza mate, "Wa dada yangu. Yeye ni mkulima huko juu, upande wa Molo. Ako na waru, huyo! Wacha tu." Nusura kikombe kinitoke mkononi. Mama hakuwa na shamba, si Molo, si popote. Alikuwa hana hata mahali pa kupanda kitunguu, sembuse viazi. Wageni walipoondoka Auntie akaja akasimama mlangoni. "Hapa mtu hajui mambo ya Salgaa, na hatajua. Umesikia? Unataka wafikirie nini?" Nikamwuliza kwa ukweli kabisa wangefikiria nini. Akaniangalia juu mpaka chini. "Usijifanye mtoto." Basi, ndivyo nilivyojua, nimeinama juu ya karai la vyombo, yale ambayo watu huyafikiria juu ya mwanamke anayewapikia madereva. Sikuwa nimewahi kuyafikiria. Tangu siku hiyo sijawahi kuacha kuyafikiria.

Na mama, Mungu amrehemu, alikubali kuucheza huo mchezo. Kila alipokuja kuniona aliwaagiza madereva wanaoteremka kutoka Molo wamletee waru, gunia dogo, zikiwa na udongo wake, kisha akashuka nazo stendi ya Nakuru akazibeba mgongoni mpaka Free Area kama mtu ametoka kuvuna. Alivaa gambuti, zile buti ndefu za mpira za shambani. Mama yangu, ambaye alikuwa na viatu vyake vizuri vyekundu vya Jumapili, alikuja kuniona na gambuti! Wenzake wa Salgaa walimcheka sana. "Leo mkulima anaenda mjini," wangesema, na yeye alicheka nao. Angefika, akasalimia, akamimina waru pale jikoni, na Auntie angeita jirani aje aone. Mama angekaa kwenye kigoda, hakukaa kwenye makochi, na mikono yake angeificha ndani ya leso kwa sababu ilikuwa na makovu ya mafuta ya karai, na mkulima hachomwi na mafuta. Wakati ule niliona ni jambo la kuchekesha kidogo. Sasa nikilikumbuka hasira hunipanda mpaka nashindwa kumeza chakula.

Mwalimu Kiragu alikuwa na suruali zilizonyooshwa kwa pasi mpaka ukazisikia zikikwaruzana akitembea, na shule yetu ilikuwa ikiogopwa mjini kwa sababu yake. Somo lake lilikuwa moja: kupita mtihani. Siku ya kwanza alituambia kila mmoja alete kipande cha katoni ya sabuni, akatuonyesha jinsi ya kukata katikati yake tundu jembamba, refu kiasi cha mstari mmoja wa maandishi. Aliliita dirisha. Ukishaliweka juu ya kifungu unaona mstari mmoja tu, mingine yote imefunikwa. "Sasa sikilizeni," akasema, "na anayetaka kufeli azibe masikio. Usisome kifungu. Nani alikutuma usome kifungu? Unaanza na maswali. Swali linauliza juu ya mbuzi? Unashuka na dirisha lako mpaka uone mbuzi. Ukimwona mbuzi, jibu liko hapo hapo au mstari unaofuata. Unachagua, unaondoka. Hufikirii!" Aliyekutwa anasoma kifungu kuanzia mwanzo, macho yametulia, aliitwa mtalii. "We mtalii! Umekuja hapa kuangalia flamingo ziwani?" Darasa zima lingeangua kicheko. Nami nilikuwa mtalii mkubwa kuliko wote. Nilikuwa naweka dirisha kando kimya kimya na kusoma hadithi yote, na nikishaisoma nilikuwa na maswali yangu mwenyewe, na majibu niliyochagua yalikuwa yale yaliyoniingia akilini kuwa ya kweli. Hesabu nilipita, sayansi nilipita. Ufahamu ulikuwa unaniangusha kila mara, Kiswahili na Kiingereza.

Aliyenihurumia ni Chelangat, tuliyekaa naye dawati moja, msichana mpole mwenye meno meupe sana. "Nyambura, kwani wewe uko na shida gani?" alikuwa ananiuliza tukila mandazi yetu ya saa nne. "Hakuna mtu anakuuliza unafikiria nini. Tafuta neno, weka jibu, maliza." Nikamwambia kifungu cha juzi kilisema wafugaji ni wavivu, na baba yake yeye mwenyewe ni mfugaji, anaamka kabla ya jogoo. Mbona alichagua "uvivu"? Akainua mabega. "Si ndiyo ilikuwa kwa kifungu? Baba hatafanya mtihani huu, ni mimi." Alisema hivyo bila uchungu wowote. Nilimwonea wivu.

Sasa, hapo mwanzoni mwa mwaka kulikuwa na jambo ambalo wazazi hawakuambiwa waziwazi lakini kila mwanafunzi alilijua. Shule ilikuwa na majina mawili ya kusajili watahiniwa. Wale wazuri walisajiliwa kwa jina la shule yenyewe. Wale ambao wangeshusha wastani wa shule walisajiliwa katika shule moja ndogo huko mashambani, wakaendelea kukaa darasani na sisi, wakalipa karo ileile, lakini siku ya mtihani walibebwa kwenye pikapu wakaufanyie huko. Tulikuita Ng'ambo. Hatukuwahi kusikia mtu wa Ng'ambo ameitwa sekondari ya maana. Na mimi nilikuwa nimeletwa Nakuru kwa sababu moja tu, kuitwa sekondari ya bweni, mbali na barabara kuu. Mama alikuwa ameniambia siku ya kuondoka, akinifunga vifungo vya sweta kama mtoto mdogo: "Wewe hutawahi kupika hapa. Mimi nimepika ya kutosha sisi wote." Kwa hivyo Mwalimu Kiragu aliposema kwamba jaribio la mwisho la ufahamu ndilo litaamua nani anabaki na nani anaenda Ng'ambo, nilijua pikapu inanisubiri. Niliapa kutumia dirisha. Niliapa kabisa.

Jaribio lenyewe alilitunga yeye. Akatugawia karatasi za stensili, bado zina harufu ya wino. Nikaweka dirisha, nikaenda kwenye swali la kwanza: "Tatu alifungua hoteli kwa sababu gani?" Neno hoteli likaniamsha. Nikatoa dirisha. Kifungu kilisema kwamba katika kituo kimoja cha malori kando ya barabara palikuwa na mwanamke aitwaye Tatu ambaye tamaa ya pesa ilimpofusha, akaacha kulima kama wanawake wenzake wenye heshima, akafungua hoteli ya kupikia madereva, na hoteli ikageuka pango la maovu, na binti yake akamwiga mamaye akapotea. Nilikisoma chote, kwa utalii wangu wote. Masikio yalinipata moto. Majibu yalikuwa manne: alitaka sifa, alikuwa na tamaa ya pesa, alipenda kupika, hakuwa na shamba. Nilijua kabisa mwalimu anataka lipi, sikuwa mjinga. Nikaweka alama kwenye hakuwa na shamba. Maswali mengine yote ya kifungu kile nikayajibu vivyo hivyo, na kalamu ilikuwa karibu kutoboa karatasi.

Alizirudisha kesho yake. Yangu aliibakisha mkononi. "Nyambura. Simama. Tatu alifungua hoteli kwa nini?"

"Hakuwa na shamba, mwalimu."

"Nionyeshe. Mstari gani?"

"Haiko kwenye mstari, mwalimu. Lakini kama angekuwa na shamba angelima. Nani anapenda moshi?"

Watu wakaanza kucheka. Hakucheka. Alinijia mpaka pale kwenye dawati, na akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ya juu, "Wewe mtoto wa mkulima wa Molo, mambo ya wanawake wa malori umeyajulia wapi?" Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa kifuani, kubwa, linasukuma: nimeyajulia kwa mama yangu, ambaye huamka alfajiri kukanda unga, ambaye madereva humwita mathe kama mama yao na kuinama wakiingia mlangoni, ambaye karo unayokula wewe inatoka kwa madondo yake. Lakini hilo ndilo neno nililokatazwa nisiliseme Free Area. Chelangat akanivuta sketi nikae. "Basi sikilizeni wote," mwalimu akawaambia wengine, "ufahamu hautafuti ukweli. Ukweli mtautafuta kanisani. Ufahamu unatafuta kifungu." Halafu akanigeukia. "Kesho uje na mzazi."

Mama alikuja na gambuti na gunia. Tulikaa katika ofisi ndogo kando ya chumba cha walimu, kwenye viti vya chuma, na mezani palikuwa na chai na mkate wa mwalimu alioumega nusu. Mama akamkabidhi waru kwa mikono miwili. Mwalimu akafurahi kweli. "Hizi ndizo kazi," akasema, akiishika moja na kuigeuzageuza. "Jasho halali." Kisha akamweleza kwamba mtoto ana akili lakini ana ugonjwa wa kubishana na karatasi, na mgonjwa wa namna hiyo hawezi kumsajili kwa jina la shule. Na ili mama aelewe, akamsomea kifungu. Chote. Alisoma vizuri, na sauti yake nzuri ya kusomea kanisani, akipandisha pale kwenye pango la maovu, akishusha pale binti anapopotea. Nilikuwa naangalia leso ya mama. Mikono ilikuwa imefichwa chini yake, na leso haikutikisika hata kidogo. Alipomaliza akaweka karatasi chini. "Sasa mama, wewe mtu wa shamba, hebu mwambie mtoto wako. Huyu mwanamke alifungua hoteli kwa sababu gani?"

Nilidhani atainuka. Naapa, nilidhani mama yangu atainuka, maana nilishamwona akimtoa nje dereva mkubwa kama mlango kwa sababu alimshika Mama Akinyi, mpishi mwenzake, mkono kwa nguvu. Alikohoa kidogo tu.

"Tamaa, mwalimu," akasema. "Hao wanawake ni tamaa tu."

"Umesikia?" mwalimu akaniambia. "Hata mama amepata, na hajasoma kama wewe."

Nje, karibu na ua wa michongoma, mama alisimama akajipangusa uso na kona ya leso, ingawa sikuona machozi. Nilikuwa nalia mimi. Nilimwambia amesema uongo, amejitukana mwenyewe mbele ya yule mtu. "Nimesema, na nimekufa?" akaniuliza. "Niangalie. Nimekufa? Kesho nitaamka nikande unga kama kawaida. Nyambura, weka hiyo tamaa yao upite. Utakula ukweli wewe? Ukishapita, ukishafika huko juu, ndiyo utasema chenye unataka." Akanipa mandazi mawili aliyoyaficha kifuani, bado yana joto la mwili wake, akaenda zake na gambuti zake zikipigapiga. Nimelifikiria sana hilo neno lake, ukishafika huko juu. Nilipita darasa la nane, nikapita sekondari, nikapita chuo, nikapewa meza na kiti kinachozunguka. Hapo mahali pa kusema unachotaka sijapaona bado. Kila ngazi niliyopanda nilikuta kuna kifungu kingine kinanisubiri, na mtu ameketi kando yake na kalamu.

Mwalimu alinipa karatasi ileile nirudie, mbele ya darasa zima, wakati wenzangu wakifanya hesabu. Nikachukua dirisha langu la katoni. Nikatafuta hoteli, nikaiona, nikasogeza mstari mmoja, nikaona tamaa. Nikachagua, nikaondoka. Binti alipotea kwa nini? Mama. Kichwa kinachofaa? Mshahara wa tamaa. Sikukosa hata moja. Wakanipigia makofi, Chelangat akipiga kuliko wote, na mwalimu akaniambia mbele ya watu kwamba sasa nimepona. Na kwa kweli nilikuwa nimepona. Kuanzia hapo hakuna kifungu kilichonishinda. Niliteremka na dirisha langu kama mtu anayechambua maharagwe, na hakuna kilichoniuma, wala hakuna kilichonichekesha. Mtihani wenyewe nilipoufanya sikumbuki vifungu vilihusu nini. Nimejaribu kukumbuka. Hakuna kitu.

Niliitwa sekondari ya bweni. Siku barua ilipofika Salgaa mama aliwapa madereva chai ya bure mpaka maziwa yakaisha, na mmoja wao, yuleyule wa Mombasa, akanyoosha gazeti lenye mafuta. "Basi msomi wetu, tusomee." Nikachukua. Nikasoma moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho, sauti safi, na walipotaka kuruka wabishe hawakupata pa kuingilia, kwa sababu sikusimama. "Mh," dereva akasema. "Kasoma vizuri." Akaendelea kula. Mama alikuwa amesimama kando ya pazia la gunia akiniangalia. Katika miaka yote iliyofuata, likizo baada ya likizo, hakuniambia tena nimsomee kitu. Nikija alinipakulia, alikaa mbele yangu akaniangalia nikila, aliuliza kama nimeshiba. Hilo ndilo nisilowasamehe Auntie na Mwalimu Kiragu. Hata hiyo tamaa ningewasamehe, lakini si hilo.

Basi wiki iliyopita nikasimama mbele ya turubai na programu mkononi. Watu wa kanisa la Auntie walikaa mbele. Nyuma kabisa, wamesimama, walikuwa watu wa Salgaa, akina mama na leso zao, madereva wazee wawili watatu waliokuwa wameegesha malori barabarani, na Mama Akinyi, ambaye siku hizi hutembea kwa shida. Mwalimu Kiragu aliletwa na Chelangat, aliyetangaza msiba katika grupu letu la simu. Wakampa kiti cha mbele na blanketi la magoti. Nilikuwa nimekesha siku mbili nikijiambia nitaiweka karatasi chini, niseme mwenyewe: mama yangu alipika, aliungua, alilisha nusu ya barabara hii. Kisha nikamwona Auntie Rahab, mzee, kipofu nusu, akinitazama kwa hofu ya mtu ambaye maisha yake yote yameegemea gunia la waru. Na mkono wangu, sikuutuma, ukaikunja ile programu, ukaikunja tena, mpaka ukabaki mstari mmoja tu juu ya kidole gumba. Nikasoma mstari, nikasogeza, nikasoma. "Marehemu alikuwa mkulima hodari." Huko nyuma nikamsikia Mama Akinyi, "Ati mkulima?" Mtu akamnyamazisha. Nikasogeza.

Wakati wa chakula, wale akina mama wa Salgaa ndio waliokuwa wakipakua, maana wao ndio wanaojua kulisha watu wengi. Mwalimu Kiragu akaniita kwa fimbo yake. Amekonda, suruali bado zimenyooshwa. Mbele yake palikuwa na sahani ya madondo, naye alikuwa ameimaliza safi. "Nyambura wangu," akasema, "hukupotea hata mstari mmoja. Nilimwambia Chelangat, yule nilimfundisha mimi." Chelangat akatabasamu na meno yake. Nikachuchumaa mbele ya kiti ili anisikie vizuri.

"Mwalimu, nikuulize swali moja la ufahamu?"

Uso ukamng'aa. "Uliza, uliza."

"Mama yangu alifungua hoteli kwa sababu gani?"

Akakunja uso. Nikangoja. Nilitaka aseme tamaa. Nilitaka akumbuke, nimwone akikumbuka pale pale, nimpe jibu langu lililokaa kifuani miaka yote hii. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa programu, akaivuta karibu na macho, na kidole chake kikaanza kuteremka polepole, mstari kwa mstari, bila kuruka, mpaka kikasimama.

"Hoteli haiko hapa," akasema. "Hapa wamesema alikuwa mkulima." Akafikiri kidogo. "Na ni kweli. Aliniletea waru."

Akainua macho akaniangalia, kidole bado kimeshikilia mstari, akingoja kuambiwa kama ni sawa.

"Umepata, mwalimu," nikamwambia.